Ua Ambalo Bibi Hakuweza Kulitaja

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuandika majina ya mimea. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane miaka miwili kabla, nikawa nakaa nyumbani kwetu Msasani, hapo Tukuyu, nikimsaidia baba kushona matundu ya vifungo. Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake alitoka pwani pamoja na wafanyabiashara, akabaki huku milimani, nasi tukawa tunahesabiwa watu wa mjini, Waislamu wa Msasani, ingawa mama alikuwa mtoto wa Kawetele, Mnyakyusa aliyesilimu alipoolewa. Kwa baba nilijifunza Kiswahili na kusoma msahafu. Kwa mama nilijifunza Kinyakyusa. Ndiyo lugha aliyonifokea nayo tangu utotoni, kwa hiyo niliijua vizuri.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Asubuhi moja alipiga hodi mtu kijana, suruali imejaa matope hadi magotini, akataka ashonewe mifuko ya marekani ya kubebea mimea. Baba alimtazama mara mbili. Watu waliowahi kuja Rungwe kukusanya majani na maua walikuwa Wazungu, na huyu alikuwa mtu mweusi kama sisi. Alieleza kwamba yeye ni mtaalamu wa mimea, na kwamba serikali ilitaka nchi iwe na mkusanyo wake wa mimea, ukaushwe, uandikwe na kutunzwa hapa hapa, tusiwe tunakwenda Ulaya kuuliza nini kinaota nyuma ya nyumba zetu.

Baba alipokuwa akipima kitambaa, mgeni aliweka daftari lake mezani, wazi. Nikasoma. Nikacheka kabla sijajizuia.

"Kuna nini cha kuchekesha?" baba aliniuliza kwa ukali.

"Hapa ameandika jina la mmea, baba. Lakini hili si jina. Maana yake ni 'usiguse'."

Yule mtaalamu alinyanyua mikono yake akaitazama. Ilikuwa na vipele hadi kwenye viwiko. "Mzee mmoja alinipigia kelele neno hilo," alisema taratibu, "nami nikaliandika."

Hata baba alicheka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepata kazi ya ukalimani na uandishi, kwa sharti moja la baba: kila nikitoka kwenda porini na mtaalamu, mama awepo.

Basi tukawa watatu. Tulipanda na kushuka vilima, tukipita kwenye migomba na kahawa za watu, mama mbele na mwavuli wake mweusi, mtaalamu katikati, mimi nyuma na daftari nililolifunika kwa karatasi ya nailoni. Tukuyu mvua hainyeshi kwa msimu kama kwingine, inapumzika tu. Jioni tuliipanga mimea ndani ya magazeti ya zamani, tukaibana kati ya mbao mbili kwa mikanda, tukaiweka juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, na kila siku tulibadilisha magazeti maana yalikuwa yamelowa. Chumba cha uani kilinuka moshi na majani yaliyochemka. Mama alilalamika kwamba hata ugali ulikuwa unanuka pori.

Humo uani ndimo mtaalamu alimonifundisha namna mimea inavyopewa majina. Kila mmea una majina mawili, alisema, na yanaandikwa kwa Kilatini ili mtu wa Tukuyu na mtu wa Brazili wasipishane. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo wa mimea inayofanana kwa jinsi maua yake yalivyoumbwa. La pili ni la spishi, la mmea wenyewe ndani ya ukoo ule.

"Kwa hiyo jina la ukoo linatangulia," baba alisema kutoka mlangoni. Alikuwa akijifanya hasikilizi.

"Ndiyo, mzee."

"Kama kwenye rejista ya shule."

"Kama kwenye rejista, mzee. Na baada ya majina hayo mawili huandikwa jina la mtu aliyeutangaza mmea huo kwanza kitabuni."

"Hata kama si yeye aliyeuona kwanza?"

Mtaalamu alikubali kwamba ndivyo ilivyo. Baba akarudi kwenye cherehani yake.

Jenasi moja mtaalamu aliipenda kuliko zote. Ni mimea laini ya kivulini, shina lake limejaa maji, unaweza kulikata kwa ukucha. Ua lake linaning'inia kwenye kikonyo chembamba kama hereni, na nyuma lina mkia mwembamba uliojikunja, ambamo hukaa utamu wake. Tumba la mbegu likikomaa, ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu. Milima yetu imejaa mimea ya ukoo huo, ya waridi, myeupe, myekundu kama damu ya kuku. Lakini ilikuwa ikiwatesa wataalamu, alisema, maana ukiibana kwenye gazeti, ua lote linakuwa doa jeusi, kama karatasi iliyolowa. Mtu aliyeko mbali akiletewa doa lile hawezi kujua ni spishi gani. Ilibidi tulifungue kila ua likiwa bichi, petali moja moja, tuzilaze kwenye karatasi kwa ncha ya sindano ya baba, nami niandike haraka rangi na urefu wa mkia kabla ua halijanyauka. Mikono yangu ilizoea kazi hiyo. Nadhani hakuna kazi nyingine niliyoifanya kwa uangalifu kama ile.

Siku tuliyokwenda Kawetele, kwa bibi mzaa mama, nilikuwa na furaha. Nilitaka bibi anione nikiwa mtu wa kazi. Alitupokea kwa maziwa mgando na ndizi za kupika, akamsalimia mtaalamu akiwa amepiga magoti kama walivyosalimia wanawake wa zamani, mtaalamu akaona haya, hakujua auweke wapi mkono wake.

Chini ya nyumba ya bibi palikuwa na bonde lenye kijito, kivuli kizito cha mianzi na migomba. Humo ukingoni lilistawi ua la jenasi ile, zambarau iliyokolea, mkia wake mrefu umejikunja kama ndoano. Mtaalamu alipiga magoti kwenye matope kulitazama. Bibi alisema yeye aliutumia utomvu wa shina kuwaogeshea watoto wachanga wenye vidonda vya ngozi. Wote waliozaliwa nyumba ile walioga maji yake, hata mama yangu.

"Muulize unaitwaje," mtaalamu aliniambia.

Nikauliza. Bibi alitazama maji kidogo, kisha akasema neno moja, ambalo kwa Kiswahili ningesema ni "la kando ya maji". Nikaliandika kwa Kinyakyusa, herufi kwa herufi, na tafsiri yake pembeni.

Tulivuka kijito. Ng'ambo ya pili, mahali palipofyekwa na jua linaingia, mzee wa boma jingine alikuwa akichunga ndama. Pembeni yake limeota ua lililofanana na lile la bibi, ila rangi yake imefifia na mkia wake ni mfupi. Mtaalamu alimwuliza jina kwa Kiswahili, na mzee alitaja jina lingine kabisa, mara moja, bila kufikiri. Nikaliandika pia. Niligeuka nimwulize bibi kama naye alijua jina hilo, nikakuta amejifunika kanga kichwani na kugeukia migomba. Nilifikiri amechoka.

Njia nzima ya kurudi mtaalamu alizungumza peke yake. "Umeona? Wenyewe wanayatofautisha. Mwanamke aliyeishi na mmea huo miaka yote ana jina moja kwa huu na mzee ana jina jingine kwa ule. Hawa ni wawili, si mmoja." Ule wa juani, alisema, ulikwishajulikana na ulikwishapewa jina tangu enzi za Wajerumani. Huu wa bibi huenda haujaandikwa popote.

Jioni ile, tulipokuwa tukikoka moto wa kukaushia, mama alifunga mlango, akaniambia:

"Yale si maua mawili. Tangu nizaliwe ni ua moja."

"Mbona bibi ametaja jina lake?"

"Bibi yako hawezi kulitamka jina lile. Linafanana na la mkwewe."

Nilikuwa nimesikia habari za ingamwana, lugha ya wakamwana, ile desturi ya wake wa Kinyakyusa kutotamka jina la baba wa mume wala neno lolote linalofanana nalo. Lakini mimi ni wa kukulia mjini. Nilidhani ni mambo yaliyokwisha. Baba mkwe wa bibi alifariki kabla mama hajazaliwa. Bibi alikuwa ameuchunga ulimi wake kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuwa udongo, na leo nimesimama mbele yake na daftari nikimtaka ataje, kisha mzee wa watu amelitaja jina hilo kwa sauti akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwake.

"Nitamweleza mtaalamu kesho," nilisema.

"Usimweleze. Atarudi pale na maswali. Mambo ya bibi yako na ukweni kwake si ya kufungiwa kwenye magazeti."

Nilinyamaza. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa kumtii mama. Ukweli ni kwamba niliogopa pia. Mtaalamu alikuwa ameniambia kwamba hajapata mkalimani kama mimi, na sikutaka ajue kwamba neno la muhimu kuliko yote nililompa halikuwa jina la mmea. Lebo iliyokwenda na mmea ule niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote. Mmea ukafungwa, ukapelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko ukapelekwa ng'ambo kwa mabingwa wa jenasi ile.

Muda ulipita. Azimio lilikuja, watu wakaanza kuitana ndugu, nami nikapata nafasi ya kusomea ualimu, nikarudi kufundisha karibu na nyumbani. Barua ya mtaalamu ilinikuta shuleni. Mabingwa walikuwa wamekubali kwamba mmea wa Kawetele ni spishi mpya. Ukoo wake ni ule ule, na jina la pili wameliunda kutokana na jina la wenyeji, wakalivika mkia wa Kilatini. Ndani ya bahasha alikuwa ameweka ukurasa wa kitabu. Nililiona neno la bibi limechapwa kwa herufi za kulala, na baada yake jina la bwana mmoja ambaye hajapata kukanyaga Rungwe.

Nilikwenda Kawetele na ule ukurasa. Nilikuwa nimejiandaa kumpa bibi habari njema. Alikuwa mgonjwa wa kifua wakati huo, amekaa kwenye mkeka mlangoni apate jua. Nilimsomea neno lake, nikamwonyesha kwa kidole. Hakujua kusoma, lakini aliutazama ukurasa kwa muda mrefu.

"Wanaume wanalisema?" aliuliza.

"Wataalamu, bibi. Wanaume kwa wanawake. Dunia nzima."

"Na watoto unaowafundisha?"

"Nikiwafundisha watalijua."

Bibi aliukunja ule ukurasa mara mbili, akanirudishia. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hata mama alikuwa hajalijua. Alipoletwa pale akiwa mwali, mawifi zake walimfundisha maneno yote ya kusema badala ya yale yaliyokatazwa. Walimpa neno la moto, la jembe, la kinyesi cha ng'ombe. La ua lile walilisahau. Siku ya kwanza ya kuteka maji aliulizwa na mke mwenzake ni majani gani yale aliyokanyaga, akashikwa na hofu, akakaa ukingoni akalitunga neno mwenyewe. Alikuwa msichana ambaye hajavunja hata ungo sawasawa. Wake wenzake walilichukua, na wake wa nyumba za jirani. Walikuwa wakiliambiana kijitoni, wanawake watupu. Wote walikuwa wamekwisha kufa isipokuwa yeye.

"Lilikuwa letu," alisema. "Mlinzi wetu. Likisemwa na kila mtu limekuwa jina. Sasa mimi nitaliitaje ua lile?"

Nilimwomba radhi kwa Kinyakyusa, halafu kwa Kiswahili, kana kwamba lugha ya pili ingesaidia. Aliniwekea mkono kichwani.

"Hukujua, mjukuu wangu. Ndaga, asante. Nenda kaniletee maji."

Bibi alifariki kabla ya mavuno ya mahindi mwaka ule. Watu wa Kawetele walimzika kwa vilio na ngoma za msiba kama ilivyo ada yao, na baba yangu alisimama pembeni na kofia yake nyeupe mkononi, akisoma dua kwa sauti ya chini kwa ajili ya mama mkwe wake. Nililia kuliko binti zake. Shangazi mmoja aliniuliza kama kuna jambo. Nikasema hapana.

Baadaye kijiji kilikubaliana kulima shamba la pamoja, na bonde lile la kijito likachaguliwa kwa kuwa lilikuwa na rutuba na maji. Sitasema tulilazimishwa. Walimu na wanafunzi tulikwenda na majembe tukiimba. Mianzi ilikatwa, migomba ya kizee ikang'olewa, mtaro ukachimbwa ili maji yatoke. Nilikuwa kwenye mstari wa mbele. Jembe langu lilipofika ukingoni nililiona ua lile limelala kwenye udongo mweusi, shina limekatika na linatoa maji. Mwanafunzi aliyekuwa karibu yangu alisimama, akauliza, "Mwalimu, haya ni maua gani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majina matatu. Nikamwambia, "Ni maua tu. Lima." Kabeji za shamba lile zilistawi sana, na tulizila.

Barua ya pili ya mtaalamu ilikuja wakati baba amekwisha kuzeeka, macho yake hayawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Iliandikwa kwa ufupi. Bingwa mwingine alikuwa ameipitia upya jenasi yote, akalinganisha mimea ya kivulini na ya juani, akaamua kwamba spishi ya Kawetele haipo. Ni mmea mmoja na ule wa zamani, rangi na mkia hubadilika kwa kukosa jua. Kwa sheria ya majina, la kwanza kutangazwa ndilo linalobaki. Neno la bibi lingeandikwa chini yake kwa herufi ndogo, miongoni mwa majina yasiyotumika.

Nilisoma barua ile mara kadhaa. Nilitegemea nafuu, maana sasa lile neno halikuwa jina tena. Sikuipata. Usiku huo huo nilimwandikia mtaalamu kila kitu, kurasa nane.

Hakunijibu kwa barua. Alikuja mwenyewe. Alikuwa amenenepa, mvi kwenye masharubu, na alipiga hodi mlangoni kwetu kama alivyopiga mara ya kwanza. Mama alimwekea kiti karibu na cherehani.

"Kwa nini hukuniambia?" aliniuliza.

"Mama alinikataza. Na niliona haya."

"Nami sikuuliza vizuri," alisema. "Nilitaka wawe wawili. Niliposikia majina mawili nilifurahi, sikuuliza tena. Lebo yako haikuwa na kosa. Uliandika alichosema."

Mama, ambaye alikuwa amesikiliza akiwa amesimama, alimwambia mtaalamu kwa Kiswahili chake kizito cha Kawetele, "Mama yangu alikufa na huzuni ya neno lile, baba. Ujue hivyo."

"Nimejua, mama. Nisamehe."

Kisha mtaalamu alisema kwamba mmea wenyewe, ule tulioukausha uani petali kwa petali, bado umetunzwa. Mmea uliokwisha kutangazwa hautupwi hata jina lake likifutwa, na lebo yangu bado imebandikwa pale chini. Alikuwa na ruhusa ya kuongeza karatasi ndogo ya maelezo kando yake. Alitaka kuandika kwamba neno lile lilikuwa neno la heshima, lilitungwa na mke mmoja wa Kawetele, na kwamba halipaswi kuchukuliwa kuwa jina la mmea. Lakini hakutaka kuandika bila ruhusa yetu.

Mama alifikiri sana. Baba, ambaye hakuona vizuri lakini alisikia vizuri, alisema, "Andika. Angalau mtu mmoja ajue."

"Alikuwa akiitwa nani?" mtaalamu aliuliza.

Nilikuwa tayari na kalamu, nikagundua kwamba sijui. Kwangu alikuwa bibi. Kwa mama alikuwa mama, kwa majirani alikuwa mama wa fulani. Jina alilopewa na wazazi wake, kabla hajaolewa, kabla ya maneno yote yale, sikuwahi kulisikia wala kuliuliza, mimi niliyelipwa kwa kuuliza majina.

Mama alilitaja. Alilitaja polepole, mara mbili, akiangalia herufi zangu ingawa hakujua kusoma. Sitaliandika hapa, liko kwenye karatasi ile. Mtaalamu alisubiri wino ukauke, akaiweka ndani ya kitabu chake, akaaga mapema ili aliwahi basi la Mbeya. Mama alimfungashia ndizi mbivu za njiani, tukamsindikiza hadi barabarani.